Mkopo wa nyumba umekwama benki: faili liko mezani kwa nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tulipata nyumba, benki ikatuambia tumekubaliwa, tukasaini mkataba na kumlipa muuzaji arubuni ya asilimia 10. Huu sasa ni mwezi wa nne. Kila nikipiga simu benki naambiwa "inashughulikiwa", kisha wanaomba tena taarifa za akaunti zilezile tulizokwisha kupeleka. Mthamini alikuja, ripoti yake hatujaiona. Muuzaji anasema siku zimepita, ana mteja mwenye pesa taslimu, na arubuni yetu harudishi. Rafiki anatushauri tuhamie benki nyingine. Shemeji yangu anasema tuchukue mkopo wa muda mfupi tumalizane na muuzaji kwanza, wa benki utakuja baadaye. Na hapa tunapopanga tulikuwa karibu kutoa notisi ya kuhama. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na la haraka kuliko yote, nalo si benki. Kabla hujapiga simu nyingine, chukueni mkataba wa mauzo mkae na wakili wenu mtafute mambo matatu: tarehe ya kukamilisha mauzo, kifungu kinachosema ununuzi unategemea kupatikana kwa mkopo (kama kipo), na utaratibu wa notisi upande mmoja unapochelewa. Muuzaji anaposema siku zimepita huenda anasema kweli. Lakini katika mikataba mingi, siku kupita peke yake hakumruhusu kubeba arubuni na kumuuzia mwingine. Anatakiwa kwanza awape notisi ya maandishi yenye muda wa mwisho, na muda huo nao upite bila ninyi kutimiza. Maneno ya kwenye simu hayahesabiki. Huyo mteja wa taslimu anaweza kuwa wa kweli au wa kuwatisha tu. Kwa vyovyote vile, muuzaji aliyesaini na kupokea arubuni hayuko huru kama anavyojitangaza.

Ulizeni pia arubuni ipo kwa nani. Kama imeshikwa kwenye akaunti ya wakili kwa niaba ya pande zote mbili, muuzaji hawezi kuigusa kwa hasira zake. Kama ilikwenda moja kwa moja mfukoni kwake, hata mkiwa na haki, mtaifukuzia.

Hicho kifungu cha mkopo kisomeni polepole, maana kina mtego. Kwa kawaida kinamlinda mnunuzi aliyenyimwa mkopo. Mkopo uliocheleweshwa haujanyimwa bado, na kifungu chenyewe huwa na tarehe yake ya mwisho. Ufaransa, kwa mfano, sheria imekiweka kifungu hicho ndani ya ununuzi wa nyumba ya kuishi kwa mkopo, kwa muda usiopungua mwezi 1, na anayetaka kukikwepa lazima aandike kwa mkono wake kwamba hakopi. Kwingi duniani hakuna wa kukuandikia. Kisipokuwa kwenye mkataba, hakipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuomba nyongeza ya muda, kwa maandishi, iliyosainiwa na pande zote, kabla notisi haijafika. Mkiiomba mapema mnaonekana watu makini. Mkiiomba baada ya notisi, muuzaji anapanga bei. Na msiende mikono mitupu: nendeni na barua ya benki inayotaja mkopo umefikia hatua gani. Wauzaji wengi wanachoogopa ni kutojua. Miezi minne ya kuambiwa "subiri kidogo" inamchosha yeye kama inavyowachosha ninyi.

Sasa benki. Neno "mmekubaliwa" limeponza wanunuzi wengi. Kwa maelezo yako, mlichopata mwanzoni ni idhini ya awali: benki ilitazama kipato mlichokitaja, pengine na historia yenu ya mikopo, ikasema kwa hesabu hii tunaweza kuwakopesha hadi kiasi fulani. Wakati huo ilikuwa haijaiona nyumba, haijasoma hati, haijawasiliana na mwajiri. Mkopo wa nyumba unatolewa kwa mtu pamoja na nyumba, na nyumba nayo ina usaili wake, mara nyingi mgumu kuliko wenu. Barua ya ofa ya mkopo, ile yenye riba, masharti na tarehe ya mwisho ya kuikubali, huja baada ya hapo. Angalieni mnayo ipi mkononi. Kama ni hiyo ya kwanza tu, basi mlisaini mkataba na kutoa arubuni wakati benki bado haijaahidi kitu. Wengi hufanya hivyo, na ndiyo maana mkataba una umuhimu mkubwa sasa.

Faili la mkopo halikai "benki" kwa jumla. Kila siku lipo mezani kwa mtu fulani, likisubiri karatasi fulani. Linatoka kwa afisa aliyewapokea, linakwenda kwa wachambuzi wa mikopo, linasubiri mthamini ambaye mara nyingi si mfanyakazi wa benki, linaingia kamati ya mikopo, linapita kitengo cha sheria, linakabidhiwa wakili anayeandaa hati ya rehani, linakwenda ofisi ya ardhi kusajiliwa, ndipo linafika kwa wanaotoa fedha. Unayempigia simu ni yule wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwaleta. Hana amri juu ya wengine wote, na akisema "inashughulikiwa" mara nyingine maana yake ni kwamba naye hajauliza.

Achana basi na swali la "imefikia wapi?", maana jibu lake unalijua. Andika barua pepe, si simu, yenye namba ya maombi yenu juu kabisa, na maneno kama haya: "Naomba kujulishwa kwa maandishi: faili letu lipo kitengo gani leo, ni nyaraka ipi au uamuzi upi unaosubiriwa, nani anatakiwa kuuleta, sisi, muuzaji, mthamini au benki, na ofa yetu pamoja na ripoti ya uthamini vinakwisha muda lini. Mkataba wetu wa mauzo unakamilika tarehe fulani, nakala imeambatishwa." Nakala kwa meneja wa tawi na kwa wakili wenu. Barua ya namna hii haitishi mtu, ila inamlazimu anayeipokea akalitafute faili. Tena ile tarehe ya mkataba, mara nyingi wachambuzi hawajawahi kuiona! Wao wana foleni, na faili lisilo na tarehe linapishwa na lenye tarehe.

Kuhusu taarifa za akaunti kuombwa upya, nakuelewa, inaudhi kweli. Kuna sababu, japo benki ingepaswa kuieleza. Nyaraka za kipato zinazeeka. Benki hutaka miezi ya karibuni, kwa kawaida 3 au 6, ikihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya uamuzi, si siku mliyoleta maombi. Faili likisubiri ripoti ya mthamini, taarifa zinapitwa na wakati. Mkileta mpya, hati ya mshahara nayo imeshakuwa ya zamani. Mzunguko huo unaukata kwa kutosubiri kuombwa: kila mwisho wa mwezi tumeni taarifa mpya ya akaunti na hati mpya ya mshahara, ya mke na ya mume, katika faili moja la PDF. Kurasa zote. Taarifa iliyoandikwa "ukurasa wa 6 kati ya 7" na wa saba haupo, hata kama huo wa saba ni mtupu, inarudishwa. Mchambuzi hana ruhusa ya kudhani.

Tazameni pia kama kuna kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kwenye akaunti zenu. Mliuza gari? Mzazi aliwachangia? Benki inabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu, na pia inahofia mchango huo usije ukawa deni lililofichwa. Ambatisheni mkataba wa mauzo ya hilo gari, au barua ya mzazi inayosema wazi kwamba fedha ni zawadi na hazirudishwi. Msisubiri swali, maana swali moja kama hilo hula wiki nzima: linatoka kwa mchambuzi, linapita kwa afisa, linakufikia Ijumaa jioni.

Ripoti ya mthamini kuwa kimya ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi katika barua yako. Yawezekana imekaa tu. Yawezekana pia imekuja na thamani iliyo chini ya bei mliyokubaliana, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuwaambia. Chukua mfano wa bei ya 100, kwa fedha yoyote ile. Benki inakopesha asilimia 80, ninyi mmejiandaa kutoa 20. Mthamini anasema nyumba ina thamani ya 90. Benki hutazama kiasi kidogo kati ya bei na thamani, kwa hiyo itatoa asilimia 80 ya 90, yaani 72. Muuzaji bado anataka 100. Pengo si 20 tena, ni 28, na hizo 8 za ziada hazimo kwenye mipango yenu. Heri kulijua hilo leo mkarudi mezani na muuzaji, au mkaomba uthamini uangaliwe upya kwa ushahidi wa nyumba zinazofanana zilizouzwa karibuni, kuliko kulijua siku ya mwisho. Benki nyingi huitazama ripoti kuwa mali yao hata kama mliilipia ninyi. Basi ombeni angalau kiasi kilichoandikwa na dosari zilizotajwa.

Dosari ndizo hasa za kuulizia. Mthamini hachungulii bei tu. Akikuta chumba kilichoongezwa bila kibali cha ujenzi, uzio uliovuka mpaka wa kiwanja, au njia ya kuingilia inayopita kwenye ardhi ya jirani bila haki iliyoandikwa, anaandika, na benki inasimama. Hapo kibao kinageuka: anayechelewesha mauzo si ninyi wala benki, ni muuzaji ambaye nyumba yake haijakamilika kwenye karatasi. Notisi ya mtu wa namna hiyo haina makali, na wakili wenu atafurahi sana kuwa na barua ya benki inayosema hivyo.

Hati miliki nayo ina mambo yake. Nchi nyingi hufuata mfumo wa usajili uliotungiwa sheria Australia Kusini mwaka 1858 kwa juhudi za Robert Torrens, ambao daftari la serikali lenyewe ndilo uthibitisho wa umiliki. Kisichoandikwa daftarini, benki haikitegemei. Ndiyo maana inataka jina la muuzaji, jina lenu na rehani yake vikae sawasawa huko, herufi kwa herufi. Kitambulisho kinasema Mohamed, hati inasema Muhammad, mkataba una jina la babu ambalo hati haina: hayo mnayachukulia kama mambo madogo, ila kwa msajili ni watu wawili tofauti mpaka kiapo kiletwe. Mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa akague mapema zaidi. Wekeni kitambulisho, hati na mkataba juu ya meza moja, msome majina kwa sauti. Ni kazi ya dakika chache na nimeona mauzo yakikwama muda mrefu kwa sababu hakuna aliyeifanya.

Muulizeni muuzaji swali jingine: je, nyumba bado ina deni? Kama naye aliinunua kwa mkopo, basi kuna benki mbili ndani ya mauzo yenu. Benki yake haiachii hati mpaka ilipwe salio. Salio litalipwa na fedha za benki yenu. Benki yenu haitoi fedha mpaka iwe na uhakika wa hati. Kinachofungua hapo ni hati ya ahadi: benki yenu, au wakili wake, anaahidi kwa maandishi kwamba fedha zitalipwa mara usajili utakapokamilika, na upande wa pili unaachia nyaraka kwa kuiamini ahadi hiyo. Mawakili hubishana juu ya kila neno lake, kwa sababu anayetoa ahadi hiyo anabanwa nayo. Pia ile barua ya benki ya muuzaji inayotaja salio la kumaliza deni hudumu siku chache tu, kwani riba inaendelea kuongezeka. Ikiisha muda, inaombwa nyingine. Haya yote yanaweza kuwa yanaendelea bila ninyi kuambiwa lolote.

Si kila siku ya kusubiri ni uzembe. Zipo siku zilizowekwa kumlinda mkopaji. Marekani, tangu 2015, mkopaji lazima apewe waraka wa gharama za mwisho angalau siku 3 za kazi kabla ya kufunga mauzo, na mabadiliko fulani makubwa, kama kubadilishwa kwa aina ya mkopo, huanzisha hesabu ya siku hizo upya. Ufaransa mkopaji haruhusiwi kuikubali ofa ya mkopo wa nyumba kabla ya siku 10 kupita. Ulizeni kama mna siku za aina hiyo, mziweke kwenye hesabu ya nyongeza mnayoiomba.

Sasa ushauri wa rafiki yenu, kuhamia benki nyingine. Unategemea jibu la ile barua pepe. Kama kikwazo ni sera, mathalani benki hii haikopeshi kwa aina hii ya hati, au haihesabu kipato cha biashara ya mume wako, ondokeni leo. Hakuna subira itakayobadilisha sera. Kama kikwazo ni foleni au karatasi iliyopotea, bakini. Benki mpya itawaanzisha mwanzo: ada nyingine ya uthamini, kwa sababu ripoti iliyoandikiwa benki moja kwa kawaida haitumiki kwa nyingine, uchunguzi mwingine wa hati, alama nyingine ya maombi kwenye taarifa zenu za mikopo, na mwisho wa foleni. Kama kikwazo ni dosari ya nyumba yenyewe, kuhama hakusaidii kitu. Mthamini wa pili ataiona vilevile.

Kuhusu mkopo wa muda mfupi wa shemeji, hapana. Na nasema hapana nikijua ametoa wazo kwa nia njema. Kwanza, riba ya mikopo hiyo kwa kawaida iko juu sana kuliko ya mkopo wa nyumba, na inahesabiwa kana kwamba mtalipa upesi, wakati tatizo lenu ni kwamba hamjui mtalipa lini. Pili, benki hukagua madeni yenu tena kabla ya kutoa fedha. Tuseme kipato chenu cha mwezi ni 100, rejesho la nyumba ni 33, benki inaruhusu marejesho yote yasizidi 40. Ongezeni rejesho la mkopo mpya la 20 na mmefika 53, idhini inafutwa. Tatu, na hili watu hawalifikirii, mkishamlipa muuzaji hamtakuwa tena wanunuzi. Mtakuwa wamiliki wanaoomba mkopo wa kulipia deni lingine, na benki nyingi huyashughulikia hayo kama maombi tofauti, kwa masharti tofauti. Mnaweza kuukosa mkopo ule ule mlioukopea. Kwa sababu hiyohiyo, mpaka fedha zitoke, msinunue samani kwa mkopo, msimdhamini mtu, msichukue hata ile mikopo midogo ya kwenye simu. Na atakayebadili kazi katikati ya safari, hata kwa mshahara mkubwa zaidi, aiambie benki kwanza.

Atajitokeza pia mtu wa "kulisukuma faili". Msimpe kitu. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo nilizozitaja inayofupishwa kihalali kwa bahasha, na mkija kulalamika rasmi mtakuwa mmejifunga mdomo wenyewe.

Malalamiko rasmi yana nafasi yake, ila baadaye. Ikipita wiki mbili bila jibu la maana kwa ile barua pepe, wapelekeeni dawati la malalamiko la benki, mkiambatisha mfululizo wa tarehe: lini mliomba, lini mlileta nini, lini mliombwa tena. Wakinyamaza au wakizungusha, ndipo mamlaka inayosimamia mabenki. Lalamiko halimfanyi msajili wa ardhi akimbie, lakini ndani ya benki linalipatia faili mwenyewe mwenye jina. Ikiwa benki imechelewesha kwa kosa lake hadi mkapoteza riba mliyoahidiwa au mkatozwa faini na muuzaji, ombeni fidia kwenye barua hiyo hiyo, kwa kiasi na risiti.

Hilo la riba liangalieni hata kabla ya kulalamika. Kama ofa yenu ina riba isiyobadilika, ina siku yake ya mwisho. Kuongezewa siku hizo huombwa kabla hazijaisha, na mara nyingine ni bure kama kosa ni la benki na mmeliandika.

Notisi kwa mwenye nyumba mnapopanga msiitoe. Muombeni mwezi kwa mwezi kama mkataba wa kupanga unakwisha, hata kwa kodi iliyozidi kidogo. Muuzaji akiwaambia hamieni tu nyumbani kwangu mkisubiri, shukuruni, lakini msiingie bila karatasi ya wakili inayosema mnakaa kwa masharti gani, nani analipa kitu kikiharibika, na kwamba hamjakubali nyumba ilivyo. Na msipake rangi. Tarehe ya kuhama pangeni siku wakili wenu atakapothibitisha kwamba hati ya rehani imesajiliwa na benki imetaja siku ya kutoa fedha, mkiongeza siku kadhaa za akiba juu yake.